Daftari la Mwani

Eda yangu ilikwisha Alkhamisi.
Jumatatu tukakaa mbele ya Kadhi, Wete,
mie benchi la kushoto, Shaame la kulia,
kati yetu karani na kalamu yake ya buluu
na feni inayokata upepo vipande visivyolingana.

"Tajeni mlichochuma."
Shaame akataja upesi, kama mtu anayehesabu vyake:
nyumba ya Kiuyu, vyumba vitatu na ukumbi,
baiskeli, redio,
ng'ombe mmoja, ana mimba.
Kisha akanielekezea kidevu: "Na yeye ana vyombo vyake."

Vyombo vyangu.
Sufuria tano, moja haina mkono.
Mbuzi ya kukunia nazi.
Kitanda alichonipa mama, na godoro lililobonyea kati
kama mto uliokauka.

Nikafungua pochi, nikatoa daftari,
la shule, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
kurasa zimekakamaa kwa chumvi
maana niliandika pwani, mikono haijakauka.
Bamvua la kwanza: polo nne za mwani. Saruji mifuko mitatu.
Bamvua la pili: polo tatu, moja imenyeshewa ikaoza. Misumari.
Mwaka ule maji yalipopata moto, mwani ukageuka mweupe:
hapana kitu. Nimekopa.
Bati thelathini na mbili, dukani kwa Ngwali,
laki saba na nusu.
Kidole gumba: changu.

"Kiwanja cha nani?" akauliza Kadhi.
"Cha babangu," akasema Shaame.
"Na deni kwa jina la nani?"
Hapo chumba kizima kikanitazama mie.

Nikaiona inakuja, kama maji yanavyojaa ukiwa umeinama:
nyumba ibaki na kiwanja chake,
deni liende na kidole chake.
Yeye alale chini ya bati,
mie nilale chini ya deni la bati,
na mvua ikinyesha, yeye asikie mlio,
mie nihesabu matone.

Nikasema: Sheikh, siombi kubomoa.
Bati likishapigwa msumari lina tundu,
hata nikilivua litavuja kwingine.
Ila kivuli na deni lake visitengane.

"Soma yote," akasema. "Usichague."

Nikasoma. Nikafika ukurasa nilioukunja pembe.
Ningeuruka. Mwandiko wangu Shaame hauwezi,
na karani alikuwa akitikisa kalamu iliyogoma.
Mate yakanikauka.
"Mama yangu, Mnazi Mmoja, siku kumi na moja.
Shaame kauza ng'ombe wa kwanza.
Boti watu wawili, dawa, damu. Laki nne na themanini.
Hajadai."

Feni ikaendelea.
Shaame akaviangalia viatu vyake, muda,
kisha akasema, si kwa Kadhi, kwangu:
"Majani ya yule ng'ombe alikata nani, Mize?"

Karani akauliza aandike nini.

Kadhi akapiga mistari, akafuta, akapiga tena.
Deni la bati mafungu matatu:
mawili kwa anayelala chini yake,
moja kwa aliyetia kidole.
Ng'ombe wa Shaame, ndama akizaliwa wangu.
Ya mama yangu hayakuandikwa popote,
sisi wenyewe tulisema yaachwe.
Kitoka nyumba akaahidi mwezi ujao.
Bado. Naye nimemwandika.

Ndama alikuja Rajabu, jike, kipaji cheupe.
Raya huniuliza kwa nini namwita Theluthi.

Sasa masika. Nimelala kwa kaka yangu, chini ya makuti,
na makuti hayasemi kitu mvua inaponyesha.
Ila ng'ambo ya mihogo bati thelathini na mbili
zinapiga kelele usiku kucha.
Nimelala kimya, nasikiliza fungu langu.